Injini ya Canter imekufa: kuijenga upya 4D32, au kuweka 4D33, 4D34 au 4M50?

Mwenye Canter ambaye injini yake imefika mwisho hupokea ushauri wa kila aina kabla hajafika Kisekka, soko la spea za magari mjini Kampala. Fundi wake humwambia aijenge upya ile aliyonayo, rafiki humwambia aweke kubwa zaidi kwa kuwa Canter zote ni moja, na muuzaji humwonyesha injini ya miaka ya karibuni iliyoshushwa kutoka Japani, akimhakikishia kwamba itakaa bila kazi kubwa. Inawezekana kabisa kwamba wote watatu wanasema kweli, kila mmoja kwa gari analolifikiria yeye. Lakini gari linalosubiri injini ni moja, na mara nyingi fedha zilizopo zinatosha kujaribu mara moja tu.

Makala haya yanalinganisha njia nne kwa mwenye Canter ya zamani iliyotoka kiwandani na injini ya 4D32: kuijenga upya au kuweka nyingine ya namba ile ile, kuweka 4D33, kuweka 4D34 yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), au kuruka hadi 4M50. Nimeichagua Canter kwa sababu kazi nyingi za lori dogo nchini Uganda hufanywa nayo, kuanzia matoke ya Isingiro na Mbarara hadi mchanga na matofali ndani ya Kampala. Mwenye lori la Isuzu Elf au Toyota Dyna atakuta namba tofauti, lakini maswali ya kuuliza ni haya haya.

Namba ya injini kwanza, mwaka baadaye

Canter ilibadilishwa umbo mwaka 1985, 1993, 2002 na 2010, na wanunuzi wengi huitafuta injini kwa kutaja mwaka wa gari. Mwaka unasaidia kidogo tu. Ndani ya umbo moja ziliuzwa injini kadhaa kulingana na uzito wa mzigo na nchi gari lilikokuwa linakwenda, na injini za ukoo wa 4D3 ziliendelea kufungwa kwenye magari ya kuuzwa nje hata baada ya umbo la mwaka 2002 kutoka. Zaidi ya hayo, lori lililofanya kazi Uganda kwa miaka mingi huenda lilikwisha kubadilishiwa injini chini ya mwenye gari aliyetangulia, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye logibuku (kitabu cha usajili wa gari) hauwezi kukuambia kilichomo chini ya kabini. Inua kabini, safisha bloku (mwili mkuu wa injini), usome namba iliyogongwa pale.

Namba hizo zina vipimo nyuma yake, na vipimo ndivyo vinavyoeleza kwa nini kitu kimoja kinaingia na kingine kinakataa. 4D32 ina silinda za kipenyo cha milimita 104 na mwendo wa pistoni wa milimita 105, jumla cc 3,567. 4D33 ni milimita 108 kwa 115, jumla cc 4,214. 4D34 ni milimita 104 kwa 115, jumla cc 3,907. 4M50 ni milimita 114 kwa 120, jumla cc 4,899. Tatu za kwanza ni za ukoo mmoja: kemshafti (mti unaofungua vali) iko ndani ya bloku, vali husukumwa kwa fito, na kila silinda ina vali mbili. 4M50 ni ya ukoo mwingine kabisa, yenye kemshafti mbili juu ya hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) na vali nne kwa kila silinda.

Mtu akiviangalia vipimo hivyo haraka, ataona kwamba 4D32 na 4D34 zina kipenyo kimoja cha silinda na atadhani pistoni zake zinabadilishana. Hazibadilishani. Krenkishafti, yaani mti unaozungushwa na pistoni, yenye mwendo mrefu zaidi kwa milimita 10 inabadilisha mahali pistoni inapofikia juu, na pistoni ya injini ya turbo hutengenezwa kustahimili joto na shinikizo ambalo ile ya kawaida haikukusudiwa kulibeba. Vivyo hivyo, 4D33 na 4D34 zina mwendo mmoja wa pistoni, lakini hilo peke yake halithibitishi kwamba krenkishafti ya moja itakaa kwenye nyingine; namba ya spea na upana wa shingo za krenkishafti ndivyo vya kulinganisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwa ndugu mkubwa wa Canter. Injini ya 6D16 ya Fuso Fighter ina kipenyo cha milimita 118, mwendo wa milimita 115 na cc 7,545. Injini ya 6M60 iliyokuja baadaye ina kipenyo hicho hicho, mwendo huo huo na ujazo huo huo, na bado ni injini nyingine, kwa kuwa hedi, vali na mfumo wake wa mafuta ni vingine. Anayenunua spea kwa kutaja ujazo tu anaweza kurudi nyumbani na hedi isiyokaa popote.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa mambo manne. La kwanza ni inavyokaa: mauntingi, nyumba ya klachi, flaiwili, kimo chini ya kabini, rejeta na njia ya ekzosti. La pili ni mafuta na umeme, yaani aina ya pampu, volti, nyaya na vitu ambavyo injini inavihitaji ili iwake na izimike. La tatu ni yaliyo nyuma ya injini: klachi, giaboksi, propela na difu (gia za ekseli ya nyuma). La nne ni spea na mafundi, nikimaanisha mafundi walioko njia unayopita, kwa sababu lori huharibikia Lyantonde au Kamdini mara nyingi kuliko linavyoharibikia mbele ya karakana iliyoliunda.

Bei nimeiacha kwa makusudi. Bei ya injini hubadilika kila shehena inapofika, na injini iliyoonekana rahisi inaweza kuwa ghali kuliko zote baada ya kununua vitu vyote inavyovidai.

Kubaki na 4D32

Kwa inavyokaa, hakuna la kujadili. Kila kitu kinarudi mahali pake, na ukinunua nyingine ya namba ile ile unahamisha vitu vya pembeni kutoka injini ya zamani pale vile vya injini mpya visipolingana na gari lako. Hata hivyo angalia karteri (chombo cha mafuta chini ya injini), mkono wa mauntingi na upande wa kutokea ekzosti, maana injini ya namba moja iliyotoka kwenye gari la aina tofauti inaweza kuwa na karteri ya umbo jingine.

Kwa mafuta na umeme, pampu ni ya kimakanika na haihitaji kompyuta. Canter nyingi hutumia volti 24, lakini ziko zilizotengenezwa kwa volti 12, kwa hiyo stata na olteneta zisomwe kabla ya kufungwa. Yaliyo nyuma ya injini hayaguswi, isipokuwa klachi ambayo ni busara kuibadilisha wakati kila kitu kiko wazi.

Kwa spea na mafundi, ukoo wa 4D3 unajulikana vizuri, na seti za slivu, pistoni na ringi si ngeni madukani. Swali la kweli ni hali ya bloku na krenkishafti yako. Krenkishafti ikichongwa hushuka kwa hatua, kwa kawaida milimita 0.25, kisha 0.50, kisha 0.75, na ile iliyokwisha kufika hatua ya mwisho haina maisha ya pili. Bloku iliyochemshwa mara nyingi inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, na hedi inaweza kuwa imepinda. Fundi anayekuhakikishia kujenga upya kabla hajapima chochote anakisia kwa fedha zako.

Njia hii inamfaa mwenye gari ambaye mzigo wake wa kawaida haujawahi kuilemea 4D32, na ambaye bloku yake imepimwa ikaonekana nzima. Haimfai aliyekuwa akilalamika tangu mwanzo kwamba gari halipandi, kwa kuwa injini iliyojengwa vizuri itarudisha nguvu iliyokuwapo zamani na si zaidi ya hapo.

Kuweka 4D33

Hii ndiyo njia inayoleta nguvu zaidi bila kubadilisha tabia ya gari. Ujazo wake unazidi ule wa 4D32 kwa karibu asilimia 18, na nyongeza hiyo huja kwa injini inayovuta hewa yenyewe, pasipo turbo wala intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo).

Kwa inavyokaa, undugu wa ukoo husaidia sana, ingawa haumalizi kazi. Kabla ya kulipa, linganisha uso wa nyuma wa bloku na nyumba ya klachi uliyo nayo, idadi na nafasi za boliti, kina cha flaiwili na kipenyo cha diski ya klachi. Ikiwa muuzaji ana injini pamoja na giaboksi yake, kuvichukua vyote viwili kunaweza kukupunguzia kazi ya siku kadhaa, lakini hapo urefu wa propela na mkono wa gia vinaingia kwenye hesabu. Rejeta ya 4D32 isichukuliwe kuwa inatosha kwa sababu tu hosi zake zinafika; injini inayochoma mafuta zaidi hutoa joto zaidi, na rejeta ya zamani iliyoziba nusu ndiyo huenda iliyoua injini ya kwanza.

Kwa mafuta na umeme, 4D33 nazo ni za pampu ya kimakanika, na sharti ni moja: pampu ije na injini yake. Pampu ya 4D32 ikifungwa kwenye 4D33 itapima mafuta kwa injini ndogo, na mwenye gari atalaumu injini kwa kosa lisilo lake. Lingine linalosahaulika ni pampu ya vakyumu iliyoko nyuma ya olteneta, ambayo ndiyo inayozipa nguvu breki za Canter nyingi ndogo. Injini ikinunuliwa bila olteneta na ikafungwa ya aina nyingine isiyokuwa na pampu hiyo, gari litakwenda vizuri na litakataa kusimama. Hili nalisisitiza kuliko jambo jingine lolote katika makala haya, kwa kuwa dereva huligundua mteremkoni.

Kwa yaliyo nyuma, difu ya gari la 4D32 inaweza kuwa na uwiano uliochaguliwa kwa injini ndogo. Gari litaondoka kwa nguvu, lakini barabarani injini itazunguka haraka kuliko inavyohitaji na kula mafuta yanayoweza kuokolewa. Kwa anayefanya kazi za mjini hilo si tatizo. Kwa anayekwenda Gulu kila wiki, difu iangaliwe pamoja na injini.

Inamfaa mwenye kubeba mzigo mzito kwa safari za kati na ndefu, ambaye anataka injini ambayo fundi wa mji wowote ataielewa.

Kuweka 4D34 yenye turbo

Ujazo wa 4D34 ni mdogo kuliko wa 4D33, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo pekee. Wanasahau hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, na Uganda hatuko usawa wa bahari. Kampala iko kwenye kiasi cha mita 1,200, na Kabale inakaribia mita 2,000. Kwa hesabu hiyo, 4D33 ikifika Kabale inavuta kama injini ya cc 3,400 hivi ingefanya pwani ya Mombasa. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa inayokosekana, na ndiyo maana injini ndogo yenye turbo inaweza kuipita kubwa isiyokuwa nayo kwenye vilima vya Kigezi au njia ya kupanda Kapchorwa.

Inavyokaa ni karibu na 4D33 kwa upande wa bloku, lakini turbo inadai nafasi yake, ekzosti inabadilika, chujio la hewa na mabomba yake lazima yawe makubwa na yasiyovuja, na zile zenye intakula zinahitaji mahali pa kuifunga mbele ya rejeta. Mafundi wengine huiacha intakula wanapokosa nafasi. Injini iliyotengenezwa kufanya kazi nayo hupata hewa ya moto kuliko ilivyopangiwa, na joto hilo huishia kwenye pistoni na vali. Kama haina pa kukaa, afadhali utafute toleo la 4D34 lililotoka kiwandani bila intakula. Bamba la gari ilikotoka injini huonyesha toleo, ambapo herufi T baada ya namba humaanisha turbo. Muuzaji aliyelikata gari hilo mwenyewe anaweza kukuonyesha.

Pampu yake ni ya kimakanika, na hapa pia lazima iwe yake. Kosa linalofanana na lile la olteneta ni kufunga turbo ya kununua kwenye 4D33 ya kawaida ili kuigeuza kuwa kama 4D34. Pistoni na upoaji wa mafuta ya injini havikuandaliwa kwa kazi hiyo, na injini ya namna hiyo haipaswi kutarajiwa kudumu.

Kwa yaliyo nyuma, msukumo wake ni mkubwa kuliko ule ambao klachi ya 4D32 iliutarajia, kwa hiyo klachi kubwa na flaiwili yake zije pamoja na injini. Kwa spea, sehemu nyingi hupatikana kama za 4D33, ila turbo yenyewe ni kifaa kinachotaka nidhamu: mafuta ya injini yabadilishwe kwa wakati, na dereva aiache injini ikizunguka polepole kidogo kabla ya kuizima baada ya kupanda kilima kirefu. Gari linaloendeshwa na madereva wanaobadilika kila mwezi hufupisha maisha ya turbo.

Inamfaa anayefanya kazi maeneo ya milima na ana dereva mmoja anayemwamini.

Kuruka hadi 4M50

Canter za umbo la mwaka 2002 na kuendelea zilizobeba 4M50 huvutia kwa haki: zina nguvu, zinavuta vizuri mizunguko ikiwa midogo, na moshi wake ni mchache. Ugumu hauko kwenye ubora wa injini, uko kwenye umbali kati yake na gari la 4D32.

Kwa inavyokaa, karibu hakuna kinacholingana. Mauntingi hutengenezwa upya, kimo cha hedi chini ya kabini hupimwa kabla ya yote, na rejeta, intakula, ekzosti na giaboksi huja kama seti moja. Kwa mafuta, zile za reli ya pamoja (bomba moja lenye shinikizo kubwa linalolisha silinda zote) hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, na nozeli zake, yaani vinyunyizio vya mafuta, hufunguliwa kwa umeme. Hii maana yake ni kwamba unahitaji kompyuta ya injini, mtandao wake wote wa nyaya ukiwa haujakatwa, sensa ya akseleta pamoja na kanyagio lake, na mara nyingi dashibodi. Anayeiuza peke yake juu ya gogo, nyaya zikiwa zimekatwa kwa msumeno, anakuuzia nusu ya injini.

Wengi huogopa salfa ya dizeli yetu, lakini Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Adui mkubwa zaidi wa nozeli hizi ni maji na vumbi kutoka kwenye mapipa na jerikeni. Mwenye kujaza kwenye vituo vinavyoaminika na kubadilisha filta kwa wakati anaweza kukaa nayo kwa amani. Anayefanya kazi porini, ambako dizeli huletwa kwa pikipiki, yuko hatarini.

Mafundi wenye mashine ya kusoma makosa wamo Kampala na miji mikubwa. Nje ya hapo, sensa moja iliyokufa inaweza kulilaza lori zima na mzigo wake.

Inamfaa mwenye gari ambalo tayari lilitoka na 4M50, au anayenunua gari zima lililogongwa nyuma ili ahamishe kila kitu kwa fundi wa umeme anayeijua kazi hiyo.

Kabla ya kulipa, kwa njia yoyote

Tafuta sababu iliyoua injini ya kwanza, kwa kuwa rejeta, feni au filta iliyoiua itaiua na ya pili. Omba injini iwashwe ikiwa baridi, fungua kifuniko cha mafuta uangalie kama inapumua moshi mwingi, na ikiwezekana silinda zipimwe mkandamizo.

Usisahau karatasi. Namba ya injini imo kwenye logibuku, na ikibadilika lazima taarifa za usajili zirekebishwe na gari likaguliwe. Dai risiti yenye namba ya injini na ushahidi wa kuingizwa nchini kihalali. Injini isiyo na karatasi inaweza kukuletea tuhuma ya wizi miaka kadhaa baadaye, siku unapotaka kuuza gari.

Nguvu mpya pia haiongezi uzito unaoruhusiwa. Springi, ekseli, breki na fremu ni vile vile, na mizani ya barabarani haiulizi injini gani imefungwa.

Kwa hali yako

Ikiwa gari linafanya safari fupi ndani ya Kampala, Mukono na Wakiso, na vipimo vimeonyesha bloku nzima, 4D32 iliyojengwa upya inatosha, na fedha zinazobaki ziende kwenye breki na tairi. Ikiwa bloku ina ufa au krenkishafti imefika mwisho wa kuchongwa, linganisha 4D32 nyingine na 4D33. Tofauti ya kazi ya kufunga ikiwa ndogo, 4D33 ina hoja nzito zaidi.

Kwa matoke ya Mbarara hadi Kampala, au nafaka kutoka Lira na Masindi, ambako mwendo ni mrefu na milima si mikali sana, 4D33 yenye difu inayolingana nayo inafaa zaidi kuliko turbo isiyopata matunzo. Kwa Kabale, Kisoro, Bududa na Kapchorwa, 4D34 kamili yenye pampu, klachi na upoaji wake inastahili gharama ya ziada.

Ikiwa gari lako lilitoka na 4M50 na fundi anakushauri ushuke hadi 4D33 ili ukimbie kompyuta, muulize kwanza jinsi atakavyoshughulikia dashibodi, akseleta na giaboksi. Mara nyingi kutengeneza nozeli na nyaya huwa kazi ndogo kuliko hiyo. Anayefanya kazi mbali na miji, mwenye gari zima la kuchukulia vifaa vya 4D33, anaweza kuwa na sababu ya kufanya hivyo. Na mwenye Canter ya umbo la mwaka 2010 yenye injini ya 4P10 ya cc 2,998 hana nafasi katika ulinganisho huu: kwake njia iliyo wazi ni kutafuta 4P10 nyingine pamoja na kompyuta yake.